Saa Kumi na Nane Hadi Vancouver

Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za Tabora kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na muda wote huo niliwatembeza wanafunzi dunia nzima bila mimi mwenyewe kukanyaga ngazi ya ndege. Nilizungumzia Bahari ya Aktiki kama mtu aliyewahi kwenda kuoga huko. Darasani nilikuwa na tufe la dunia lililopasuka kidogo upande wa Australia, na kamba. Nilikuwa nabandika ncha moja ya kamba Tabora kwa kidole gumba, naivuta mpaka Tokyo au Lima, kisha naipima kwa rula na kuwaambia watoto kilomita zake. Walinisadiki. Mtoto wa kidato cha pili hana namna ya kwenda Lima kuhakikisha.

Mke wangu alinijua vizuri zaidi. Yeye ni mzaliwa wa Goweko, kwa wakulima wa tumbaku, na tangu tuoane ameniita Mwalimu, jina ambalo mdomoni mwake linaweza kuwa heshima au kejeli, kutegemea nimesema nini muda mfupi kabla. Nikimwita Bibie, anajua nataka chai.

Binti yetu wa mwisho alikwenda Kanada kusomea uuguzi. Akamaliza, akapata kazi katika mji wa Vancouver, akaolewa hukohuko na kijana mpole wa Mombasa, akazaa mtoto wa kiume. Mjukuu huyo tulimwona kwenye simu tangu siku aliyozaliwa. Tulimwona akikaa, akitambaa, akisimama kwa kushika meza. Mke wangu alikuwa anaibusu simu mpaka kioo kinaingia ukungu, halafu ananilaumu kwamba mtandao ni mbaya.

Mtoto alipotimiza miaka miwili na kidogo, binti akasema imetosha. Alishughulikia viza, akatuma tiketi, akatuambia tujiandae, Septemba tunasafiri. Jioni hiyo mke wangu aliketi kwenye kochi, akaniuliza swali nililokuwa nalisubiri tangu nistaafu.

"Kwani huko ni mbali kiasi gani?"

Nilikwenda chumbani nikalileta tufe. Nilipoondoka shuleni niliruhusiwa kuondoka nalo kwa sababu ya ule ufa wa Australia. Nikabandika kamba Dar es Salaam, nikaivuta mpaka Vancouver. Ikapita Sudani, ikavuka Mediterania, ikapanda Norwei, ikapita karibu kabisa na utosi wa dunia, kisha ikateremka upande wa pili.

Mke wangu akainama kuitazama. "Sasa kwa nini tupite kwenye barafu? Hakuna njia ya huku chini?"

"Hii ndiyo fupi. Dunia ni duara, Bibie."

"Najua ni duara. Nauliza kwa nini tupite kwenye barafu."

Sikutaka kubishana. Nikachukua simu nikatafuta, nikapata ukurasa mmoja unaotoa umbali na muda wa ndege kati ya miji miwili yoyote utakayoitaja. Ukasema kilomita kama elfu kumi na tano, muda wa kuruka saa kumi na nane. Nilifurahi sana, maana kamba yangu nayo ilitoa elfu kumi na tano na ushei. Kesho yake nilipokwenda barazani kunywa kahawa na wenzangu, niliwatangazia kwamba Vancouver ni saa kumi na nane tu. Mtu akitoka hapa baada ya swala ya alfajiri, nikasema, usiku hajalala yuko kwa mwanawe.

Rafiki yangu mmoja, fundi seremala ambaye hajawahi kuniacha nimalize sentensi kwa amani, akauliza, "Hiyo ndege inaondokea wapi?"

"Dar es Salaam."

"Ya shirika gani?"

Nikafungua simu tena. Nilipousoma ule ukurasa mpaka chini kwa miwani, niligundua kwamba ndege hiyo haipo. Walichofanya ni kuchukua umbali, wakaugawa kwa mwendo wa ndege, wakaandika jibu. Ni hesabu ileile niliyokuwa nawapa kidato cha pili. Ndege ya kweli ya binti yetu ilikuwa inapitia Amsterdam, ikituacha hapo kwa saa kadhaa tusubiri nyingine. Na Tabora haikuwemo kabisa. Kufika Dar es Salaam lilikuwa jukumu letu wenyewe.

Barazani walicheka mpaka kahawa ikapoa. Kwa wiki nzima, kila nikipita, mmoja wao alikuwa anainua kichwa kutazama angani na kuweka kiganja juu ya macho.

Binti alipendekeza tupande ndege ya ndani mpaka Dar. Mke wangu alikataa. "Kama ni kuogopa, nitaogopa mara moja, na niogope kwa safari yenye maana. Siwezi kuogopa kwa ajili ya Dar es Salaam."

Nilijua sababu yake nyingine. Treni inasimama Goweko, na ndege haisimami.

Basi tukapanda treni, mchana, tukiwa na masanduku mawili makubwa na mfuko wa michembe. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. Mtu wa kwetu aliye mbali akivitafuna hufumba macho. Mke wangu alipanga vingine vya kutafuna njiani na vingine vya binti, na ukiniuliza mimi, hakujua mpaka uko wapi kati ya fungu hili na lile.

Goweko ukoo ulikuwa umejaa pembeni ya reli kama vile tunahamia mwezini. Kaka yake mke wangu, shemeji yangu, alikuja mpaka dirishani. Sisi wawili tumetaniana tangu siku ya mahari, na sijawahi kushinda.

"Shemeji, shikamoo," nikamwambia, maana ni mkubwa kwangu.

"Marahaba. Dada yetu unampeleka wapi?"

"Kanada. Kwa mwanawe."

"Mbona sura yako imechoka na hujafika hata Itigi? Babu yako alitembea kwa miguu kutoka hapa mpaka Bagamoyo, pembe ya tembo begani, na akarudi. Wewe unakwenda umekaa."

Watu wakacheka, hata wa mabehewa mengine. Ni kweli, babu mzaa babu yangu alikuwa mpagazi wa misafara, na hilo nilikuwa nalitaja kwa fahari kila nilipofundisha njia za biashara za zamani. Sikujua kwamba shemeji amekuwa akilihifadhi kwa matumizi kama hayo. Kabla sijapata jibu, treni ikapiga honi, na shemeji akanipitishia jogoo dirishani, mzima, amefungwa miguu.

"Wa mjukuu," akasema.

"Shemeji, jogoo hawezi kuingia Kanada!"

"Mwalimu, jitahidi."

Treni ikaondoka. Nilibaki na jogoo mapajani, mke wangu akipunga kitambaa dirishani huku machozi na kicheko vinamtoka pamoja. Jogoo huyo alisafiri nasi mpaka Dar es Salaam, ambako tulifikia kwa binamu yangu. Alipokelewa vizuri sana, na siku ya pili tukamla.

Saa zangu kumi na nane zilitimia tukiwa Kilosa, asubuhi, tumesimama kupisha treni ya mizigo. Mke wangu alikuwa amezihesabu kimyakimya tangu Tabora. Akachungulia nje, akanigusa goti.

"Mwalimu, tumefika Vancouver?"

Nikaanza kusafisha miwani.

"Naona wanauza miwa. Sikujua Kanada kuna miwa."

Abiria wenzetu, ambao walikwisha kusimuliwa habari zetu zote tangu Manyoni, walicheka. Nikanunua miwa nikatafuna, ili mdomo uwe na kazi.

Siku ya kuruka, nilikuwa nimejiandaa kumtuliza mke wangu. Nilipanga kumweleza jinsi hewa inavyoibeba ndege, na kwamba mitikisiko ni mikondo ya upepo tu. Alifunga mkanda, akasoma dua yake, akajifunika mtandio usoni, na kabla ndege haijaacha ardhi alikuwa anakoroma. Niliyeshika mikono ya kiti mpaka vidole vikaniuma nilikuwa mimi. Mikondo ya upepo ukiwa ndani yake si sawa na ya ubaoni. Alipoamka akaona nimekaa vilevile nilivyokuwa wakati wa kuruka, alinibandua vidole kimoja kimoja, akanipa chai.

Tulitua Amsterdam asubuhi. Rubani akatangaza saa ya pale, na mimi, kwa madaha, nikavua saa yangu ya mkononi na kuirudisha nyuma saa moja. Nilimweleza mke wangu kwamba tumekwenda magharibi, jua linachelewa huku, kwa hiyo tunaondoa. Akasema sawa. Kijana aliyekaa pembeni yetu, ambaye hakujua Kiswahili, naye nilimweleza kwa Kiingereza.

Ndege ya Vancouver ilikuwa inaondoka saa saba mchana. Muda ulikuwa tele. Uwanja ule ni mkubwa kuliko mitaa mingi ninayoijua, watu wanatembea kwa kasi kama wote wameitwa na daktari. Tulitafuta pembe tulivu karibu na dirisha kubwa, mbali kidogo na mlango wetu kwa kuwa pale palikuwa na kelele. Mke wangu akafungua michembe. Tukatafuna, tukatazama ndege zinavyosukumwa kinyumenyume na vigari vidogo. Nikasinzia.

Nilipozinduka, saa yangu ilikuwa inasema saa sita na nusu.

"Twende?" akauliza mke wangu. "Watu waliokuwa hapa wote wameondoka."

Hapo ndipo elimu yangu yote ilipokusanyika. Nikaitazama saa, nikatabasamu. "Hii ni saa ya nyumbani, Bibie. Huku tunaondoa moja. Ni saa tano na nusu tu. Tulia."

"Si uliirudisha kwenye ndege?"

"Nilikueleza tu namna ya kuirudisha."

Alinitazama kwa muda. Lakini nilikuwa nimesema kwa sauti ya darasani, na kwa sauti hiyo nimewahi kuwashawishi hata wakaguzi. Akachukua kipande kingine cha michembe.

Kipaza sauti kikaanza kuita watu wawili. Mwanamke aliyatamka majina yao kwa namna ya Kiholanzi, yamejaa sauti za kooni na kuvutwa mwishoni. Akarudia. Akarudia tena, safari hii kwa haraka, kama mtu aliyeanza kukasirika.

Mke wangu akatikisa kichwa. "Maskini. Sijui ni wazee wa wapi hao. Na watoto wao huko wanawasubiri."

"Watu hawajipangi," nikasema.

Akaenda msalani. Alirudi anatembea upesi, mtandio umeteleza begani.

"Mwalimu, kule kuna saa ukutani. Inasema sawasawa na hiyo yako. Sasa wewe unaondoa nini?"

Tulikimbia. Sijakimbia hivyo tangu nikiwa mwanafunzi, na mke wangu mwenye magoti mabaya alinipita. Mlangoni palikuwa na mwanamke mmoja anapanga karatasi zake. Nyuma yake, kupitia kioo, ndege yetu ilikuwa palepale, karibu kiasi cha kuweza kuona vichwa vya watu madirishani. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Kigari kidogo kikaanza kuisukuma kinyumenyume. Yule mwanamke akatusomea majina yetu kwenye skrini yake, kwa sauti zilezile za kooni, na ndipo tulipowafahamu wale wazee maskini.

Mke wangu hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti, akaweka mkoba magotini. Tumeishi pamoja muda wa kutosha mimi kujua kwamba kelele ni nafuu.

Walitupa nafasi katika ndege ya kesho yake. Viza zetu hazikuruhusu kutoka nje kuingia mjini, kwa hiyo tungekaa humohumo ndani. Ikabaki kumwambia binti. Nikatoa simu, kijana mmoja wa duka la vitabu akaniunganishia mtandao, nikaanza kufikiria kule ni saa ngapi.

"Usihesabu," mke wangu akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. "Piga."

Binti alipokea kwa sauti ya usingizi na hofu. "Baba! Shikamoo. Nani amefariki?"

"Marahaba mwanangu. Hakuna aliyefariki. Ndege imeondoka."

"Imeondoka na nani?"

"Na wengine."

Akasema taratibu, "Baba. Ulihesabu saa, si ndiyo?"

Mama yake akanipokonya simu. Walizungumza muda mrefu, na kutoka nilipokaa nilisikia binti akicheka kule ng'ambo mpaka mtoto akaamka na kuanza kulia. Mke wangu alipomaliza, uso wake ulikuwa umelegea. Nilimshukuru Mungu.

Ilikuwa alasiri ndipo tulipomwona mama mmoja. Alikaa peke yake viti vitatu kutoka kwetu, mtu wa makamo yetu, amevaa kitenge kizuri na kilemba, koti zito limemwelemea, amekumbatia bahasha ya kahawia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Alikuwa anaongea peke yake chinichini. Mke wangu akatega sikio, akanigusa.

"Huyu anaongea Kiswahili."

Akamwendea. "Dada, habari za safari?"

Yule mama akainua uso, na sijawahi kuona mtu akifurahi kwa salamu namna ile. Alimshika mke wangu mkono na hakuuachia. "Ee Mungu wangu! Mama, munatoka wapi?"

"Tabora. Tanzania."

"Miye natoka Kalemie. Ng'ambo ya ziwa." Akacheka, akajifuta macho. "Batoto bangu banasema nisiogope, lakini naogopa sana. Hapa hakuna mutu ananisikia."

Alikuwa anakwenda kwa mwanawe, Vancouver vilevile, baada ya miaka mingi ya kutoonana. Alikuwa amefika mchana kutoka Kinshasa kwa kupitia mji mwingine, ndege yake ikiwa imechelewa na ya Vancouver imekwisha kuondoka, akawekwa katika ile ya kesho. Walimweleza hayo yote kwa Kiingereza na Kifaransa chepesi, akaambulia nusu. Tangu saa hiyo hakuwa ameondoka kwenye kiti, kwa kuogopa kwamba akisimama hatakiona tena. Hakuwa amekula wala kwenda msalani.

Mke wangu akampeleka kwanza msalani, wameshikana mikono. Waliporudi akampa michembe. Yule mama akakiweka kipande mdomoni, akafumba macho.

Wakaongea mpaka giza likaingia madirishani. Kiswahili chake kilikuwa na kona zake na chetu kina zetu, na palipokwama walicheka wakaendelea. Ikabainika kuna maneno ya nyumbani kwao yanafanana na ya Goweko. Ikabainika pia kwamba bibi yake alikuwa anasimulia watu waliopita na mizigo kutoka upande wetu, wakavuka ziwa kwa mitumbwi kutoka Ujiji, na wengine hawakurudi, wakaoa hapohapo. Nilitaka kuongeza maelezo kidogo kuhusu njia hiyo ya misafara. Nilifungua mdomo, mke wangu akanitazama, nikaufunga.

Yule mama alipolala, kichwa chake kwenye bega la mke wangu, nikanong'ona, "Unaona? Tungewahi ile ndege, huyu angekaa hapa peke yake mpaka kesho."

"Mwalimu," akasema bila kufumbua macho, "usianze kusema ulipanga."

Kesho yake tulikuwa mlangoni kabla ya mtu yeyote, kabla hata ya wafanyakazi. Saa nilikuwa nimenyang'anywa. Ilikuwa mkononi mwa mke wangu, imemlegea kama bangili. Tuliingia watatu. Nilimwomba kijana mmoja abadilishane kiti na yule mama ili akae karibu nasi, na akakubali.

Katikati ya safari hiyo mke wangu, aliyekuwa dirishani, alinitikisa.

"Mwalimu, amka. Barafu yako hiyo."

Nikainama juu yake kutazama. Chini yetu ilikuwa Grinlandi. Nyeupe, nyeupe tu, yenye milima iliyochomoza kama meno, na barafu ikishuka mabondeni taratibu mpaka baharini, ambako ilikatika vipande na kuelea juu ya maji ya buluu iliyokolea. Hakukuwa na nyumba, wala njia, wala moshi. Yote hayo nilikuwa nimeyachora ubaoni kwa chaki mara nyingi sana. Nilikuwa najua majina ya kila umbo nililoliona. Nikataka kumwambia mke wangu lile linaitwa nini na hili linatokea vipi, lakini sauti haikutoka.

Alisubiri nimtolee mhadhara. Alipoona kimya, akageuka kunitazama usoni. Hakunitania. Alifungua mkanda, akasimama, akanisukuma nikae dirishani, yeye akakaa kwangu. Nilibandika paji la uso kwenye kioo mpaka mawingu yalipofunga.

Tuliondoka Amsterdam mchana, na tulipotua Vancouver ilikuwa bado mchana uleule. "Jua lilikuwa linatusubiri?" akauliza mke wangu, na nilipovuta pumzi ili nimjibu, yeye na mama wa Kalemie wakaangua kicheko pamoja. Walikuwa wamekwisha kuwa kitu kimoja dhidi yangu.

Mlangoni, mwana wa yule mama alikuwa amesimama, mwanaume mrefu mwenye mvi za mwanzo. Mama yake alimpita kidogo bila kumtambua, kisha akageuka. Nisingependa kueleza zaidi ya hapo, tulitazama kando. Alipomwachia, alituita, akamwambia mwanawe, "Hawa ndiyo bandugu bangu." Mpaka leo anampigia mke wangu simu, na huongea mpaka chai yangu inapoa.

Binti yetu alikuwa nyuma yao. Nilikuwa nimejipanga kujitetea. Alinikumbatia, akakaa hivyo, nikahisi mabega yake yanatetemeka, na kwa dakika ile nilisahau utetezi wote.

Mjukuu alikuwa nyumbani na baba yake. Tulipoingia, mke wangu akapiga magoti mlangoni na kumnyooshea mikono. Mtoto akatutazama, akarudi nyuma, akajificha nyuma ya miguu ya baba yake. Tukamwita jina kama tulivyokuwa tunamwita siku zote. Akachungulia. Kisha akakimbia mezani, akachukua simu ya mama yake, akaigeuza mbele na nyuma, akaitikisa sikioni. Akaibandika kioo usoni, akaita ndani yake, "Bibi? Babu?"

Alikuwa anatutafuta. Binti akageukia ukutani. Mimi nilianza kumwambia mtoto kwamba sisi ndio wale, tumetoka humo, lakini mke wangu akanionyesha kwa mkono ninyamaze. Alikaa chini kwenye zulia akampa mtoto mgongo, akavuta boksi la vipande vya mbao vya kuchezea, akaanza kujenga nyumba, anaongea na kila kipande kwa Kinyamwezi kama vile hakuna mtu mwingine chumbani. Nikakaa karibu yake, nikapewa kazi ya kushikilia ukuta.

Nyumba ilianguka mara mbili, na mara zote mbili nililaumiwa mimi. Ya tatu ilipofika kwenye paa, mkono mdogo ukatokea kati yetu na kuweka kipande chekundu juu. Mke wangu hakugeuka. Akasema tu, "Asante, fundi," na akasogea kumpa nafasi.

Jioni, wakati binti na mama yake wanapika jikoni na kucheka mambo ya Goweko, mtoto alipanda mapajani kwangu bila kuniomba ruhusa. Alinishika ndevu, akazichunguza, akajaribu kuona kama zinatoka. Zilipokataa, akaegemea kifua changu akalala. Mguu wangu wa kushoto ukaanza kufa ganzi. Nilipojaribu kuunyoosha, vichwa viwili vilitokea mlangoni mwa jikoni kwa pamoja.

"Mwalimu, usithubutu," akasema mke wangu.

"Baba, tulia hapohapo," akasema binti.

Nilitulia hivyo mpaka wali ukaiva.